Kiungulia Kisichosikia Dawa

Leo tunazungumzia kiungulia ambacho hata vidonge havikitulizi.

Kati ya umio, yaani njia ya chakula, na tumbo kuna misuli inayofunga kama mlango. Ikilegea, tindikali hupanda kifuani hadi kooni. Vidonge kama omeprazoli hupunguza tindikali, lakini havikazi mlango huo. Ndiyo sababu wengine hupata nafuu ya kuungua, ilhali chakula kingali kinawarudi kinywani wakiinama au wakilala.

Kwa watu kama hao kuna tiba isiyohitaji kupasuliwa tumbo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha mpira wenye kamera pamoja na kifaa maalumu hupitishwa mdomoni. Daktari hukunja sehemu ya juu ya tumbo kuuzunguka umio na kuifunga kwa vifungo vidogo.

Je, inasaidia? Mgonjwa akiamini ametibiwa, huweza kujisikia nafuu hata kama hakutibiwa. Kwa hivyo, katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka wa 2015, wagonjwa 129 waligawanywa kwa kura. Wagonjwa 87 walifanyiwa tiba hiyo, kisha wakapewa vidonge visivyo na dawa. Wengine 42 walifanyiwa tiba ya kuigiza tu, kisha wakapewa omeprazoli. Hakuna aliyeambiwa yuko kundi gani. Baada ya miezi 6, shida ya chakula kurudi iliwaishia 67 kwa kila 100 waliotibiwa, na 45 kwa kila 100 waliotumia omeprazoli. Tiba inasaidia, lakini si wote.

Tena si kila tiba ya kupitia mdomoni iliyodumu. Enteryx, dawa ya maji iliyodungwa karibu na mlango huo na kuganda, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2003. Mwaka wa 2005 iliondolewa sokoni baada ya kuwadhuru wagonjwa vibaya.

Basi ukielezwa habari za tiba mpya, muulize daktari: ililinganishwa na nini? Nafuu ilidumu muda gani? Madhara yake ni yapi?

Lakini kwanza hakikisha unameza omeprazoli nusu saa kabla ya kula, na usilale mara tu baada ya chakula. Ukikwamwa na chakula, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au ukipata choo cheusi, nenda hospitalini upesi.

Hadi kipindi kijacho, nakutakia afya njema.