KIVIMBE KWENYE KOVU LA UPASUAJI: TAZAMA KALENDA

Mwezi huu tunazungumza na akina mama waliojifungua kwa upasuaji, na waume zao pia, maana maumivu ya mama ni ya nyumba nzima.

Mshono umepona, mtoto anatembea. Kisha, miezi au hata miaka baadaye, mama hupapasa kovu na kukuta kivimbe kigumu. Zikifika siku zake kinauma, zikipita kinatulia. Ndipo maneno huanza: daktari alisahau kitu tumboni, au jirani ana jicho baya. Si hivyo.

Ndani ya tumbo la uzazi mna utando ambao kila mwezi hunenepa, kisha hubomoka na kutoka kama damu ya hedhi. Wakati wa upasuaji, chembe zake huweza kunasa kwenye kidonda zikaota humo, kama mbegu iliyodondoka nje ya shamba. Huko nako hufuata mwendo ule ule wa mwezi, ila damu haina pa kutokea. Wataalamu huiita endometriosisi ya kovu. Haiambukizi, na huwapata wachache, chini ya mmoja katika kila akina mama 100 waliopasuliwa.

Uchache huo ndio unaoleta matata. Zahanati hudhani ni jipu, ngiri au uzi wa mshono. Mama humeza dawa za vijidudu mara tatu, mara nne, bila nafuu. Kwa hiyo aandike siku kovu linapouma. Wanaofuata njia ya Billings wana karatasi yao tayari, waongeze alama moja tu. Miezi miwili mitatu yatosha, kisha ampelekee daktari. Lakini wapo ambao maumivu yao hayafuati hedhi, nao pia wapimwe.

Daktari atapapasa na kupiga ultrasaundi. Uhakika hutoka maabara, nyama inapotazamwa kwa darubini. Tiba yenyewe ni kukikata kivimbe chote, pamoja na ukingo wa nyama nzima wa sentimita 1 hivi kukizunguka. Kikibaki kipande, kitaota tena. Tunasisitiza kilichokatwa kipelekwe maabara: saratani hapo ni nadra mno, lakini haipimwi kwa macho.

Vidonge vya homoni hutuliza, ila vikiachwa maumivu hurudi mara nyingi. Wako wanaoviogopa kwa kuwa ndivyo vya kuzuia mimba. Papa Paulo VI, katika Humanae Vitae (1968), namba 15, alieleza kuwa Kanisa halikatazi tiba inayohitajika kuponya mwili, hata ikizuia uzazi, mradi kuzuia huko kusiwe ndiyo nia.

Kivimbe kinachokua haraka au kutoa usaha kisingoje kalenda. Na kikijitokeza mama anapokohoa, kisha kikawa kigumu, kisirudi ndani, naye akatapika, huenda ni ngiri iliyonasa: apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.