Mzee ana saratani ya utumbo mpana: damu yake inamwambia nini daktari?

Mzee wa miaka 76 amekuwa akitokwa na damu anapokwenda haja kubwa. Nyumbani walidhani ni bawasiri. Hospitali wamemchunguza kwa kamera, wakachukua kinyama kidogo na kukipima, na jibu limetoka: saratani ya utumbo mpana. Sasa familia imekaa kikao. Mmoja anasema apasuliwe haraka. Mwingine anasema umri umekwenda, aachwe apumzike.

Umri peke yake haujibu swali hili. Wapo wazee wa miaka 80 wanaopasuliwa wakapona vizuri, na wapo wa miaka 65 ambao mwili umechoka. Ndiyo maana daktari, pamoja na picha za tumbo na kifua, hupima pia damu.

Vipimo gani vya damu?

Cha kwanza ni CEA. Hii ni protini ambayo uvimbe wa saratani ya utumbo mara nyingi huimwaga kwenye damu. Iligunduliwa mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman huko Montreal, Canada. Kwa mtu asiyevuta sigara, kiwango cha kawaida mara nyingi huwa chini ya nanogramu 5 kwa kila mililita ya damu. Kikiwa juu sana kabla ya upasuaji, hatari ya ugonjwa kusambaa au kurudi huwa kubwa zaidi.

Cha pili ni albumini, protini inayotengenezwa na ini. Ikishuka chini ya gramu 35 kwa lita, mara nyingi ni dalili kwamba mwili umedhoofu, lishe ni duni, au ugonjwa umeukalia.

Cha tatu ni CRP, inayopanda pale mwili unapopambana na uvimbe au maambukizi. Wataalamu wa Glasgow, Uskoti, waliunganisha CRP na albumini kuwa alama moja. Mgonjwa mwenye CRP zaidi ya miligramu 10 kwa lita, na albumini chini ya 35, hupata alama 2, ambayo ndiyo ya hatari zaidi. Ambaye vyote viwili viko sawa hupata 0.

Cha nne kinatokana na kipimo cha kawaida cha damu nzima. Hapo daktari huona wingi wa damu, maana uvimbe unaovuja damu kidogo kidogo humwachia mzee upungufu wa damu. Pia hulinganisha aina mbili za chembe nyeupe: nyutrofili na limfosaiti. Kama nyutrofili ni 6 na limfosaiti ni 1.5, uwiano ni 4. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa uwiano unapokuwa mkubwa, matokeo huwa mabaya zaidi.

Je, namba mbaya maana yake hakuna tumaini?

Hapana. Vipimo hivi si ramli. Vinaeleza uwezekano kwa wagonjwa wengi walio katika hali kama hiyo, havitaji siku ya mtu kufa. Tena vinaweza kupotosha. Malaria au kidonda chenye usaha hupandisha CRP. Sigara na magonjwa ya ini hupandisha CEA. Na kuna saratani zisizotoa CEA kabisa, kwa hiyo CEA ya kawaida haithibitishi kwamba mtu hana ugonjwa.

Jambo la muhimu ni kwamba baadhi ya namba hizi zinaonyesha mahali pa kurekebisha. Upungufu wa damu unaweza kutibiwa kwa madini ya chuma au kuongezewa damu. Lishe inaweza kuboreshwa kabla ya upasuaji. Daktari ataangalia pia kama mzee anatembea mwenyewe, anakula, anakumbuka, na ana magonjwa mengine kama kisukari au shinikizo la damu.

Baada ya upasuaji

CEA iliyokuwa juu inatarajiwa kushuka ndani ya wiki 4 hadi 6. Baada ya hapo hupimwa kila baada ya miezi 3 hadi 6. Ikianza kupanda tena, daktari atatafuta kama ugonjwa umerudi. Ikiwezekana, pimeni kwenye maabara ileile ili namba zilinganishike, na tunzeni karatasi zote za majibu.

Mkienda kumwona daktari, ulizeni haya:

- Ugonjwa umefika hatua gani?
- Kuna kitu kwenye damu ya mzee kinachoweza kurekebishwa kabla ya upasuaji?
- Asipopasuliwa, kuna matibabu gani ya kumpunguzia maumivu?

Kisha muulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Mwili ni wake.

Na wewe unayesoma, ukiona damu kwenye choo, choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, au unakonda bila sababu, usijitibu bawasiri nyumbani. Nenda kituo cha afya ukapimwe.