Kwa Nini Watu Huanza Kulipa kwa Simu, na Nini Huwafanya Waache

Chukua mfano wa mama anayeuza ndizi sokoni Nyakoe, kule Kisii. Simu yake ni ile ya mulika mwizi. Nini humfanya mtu kama yeye aanze kupokea malipo kwa simu? Mara nyingi si tangazo la redio. Ni mtu aliye upande wa pili.

M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mnamo Machi 2007, ujumbe wake ulikuwa mwepesi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya hapo, kijana aliye kazini Nairobi alimpa dereva wa basi bahasha, ama akangoja ndugu anayesafiri. Akisajili laini yake, mzazi kijijini naye anajisajili ili apokee. Sokoni ni vivyo hivyo: mteja akiuliza "nitume kwa namba gani?" na wewe huna, anaenda meza ya pili.

Sababu ya pili ni wakala. Kama ni lazima upande boda ndiyo umfikie, nauli imekula faida.

Ya tatu ni ada. Machi 2020, wakati wa korona, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 iliondolewa kwa muda nchini Kenya. Malipo madogo madogo yakapata nafasi.

Lakini kutapeliwa mara moja tu kunaweza kumrudisha mama yetu kwa noti. Mteja anamwonyesha meseji ya malipo, anabeba mkungu, anaondoka. Jioni akiangalia, salio ni lile la asubuhi. Meseji ilikuwa feki.

Kwa hivyo, zingatia haya:

- Usiamini meseji iliyo kwenye simu ya mteja. Hata ikiingia kwako, angalia salio kabla mzigo haujatoka.
- Mtu akipiga akidai amekutumia pesa kimakosa, usikimbilie kurudisha. Angalia salio, kisha piga huduma kwa wateja, wao washughulikie.
- PIN ni yako peke yako. Usimtajie wakala, wala mtu anayepiga akijiita mfanyakazi wetu.

Mteja akikuharakisha, "Mama, nimeshatuma!", mjibu kwa upole: "Ngoja kidogo, niangalie salio." Mwaminifu atangoja.