Ziwa Kivu: kwa nini sambaza hawafiki chini kabisa?

Kila magaribi wavuvi wa Goma, Bukavu na Idjwi wanaingia ziwani na taa zao, maana usiku sambaza wanapanda karibu na uso wa maji. Mchana wanashuka, lakini hawapiti metre 60 hivi. Na ziwa lina kina cha metre 485. Kule chini kote hakuna samaki hata mmoja.

Kinachokosekana ni oksijeni. Samaki, sawa vile mtu ao mbuzi, anachoma sukari ya chakula polepole ndani ya mwili kwa oksijeni, mpaka yanabaki maji na gazi karboniki, ile mtu anayotoa akipumua. Nguvu yote ya ile sukari inatoka: ingine inaendesha mwili, ingine inakuwa joto.

Bila oksijeni maisha hayasimami, ila faida inakuwa kidogo sana. Angalia kasiksi. Maji ya ndizi yakifunikwa, chachu inakosa hewa na inageuza sukari kuwa pombe. Nguvu inayopata haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ile ingepata kwa oksijeni. Zinazobaki hazikupotea, ziko ndani ya pombe. Njo maana pombe kali ukiipigia kiberiti inawaka.

Chini ya Kivu ni vile vile. Mabaki ya vidudu na mimea midogo ya ziwa yanazama, mikrobe zinayala bila oksijeni, na kinachobaki ni gazi ya metani. Mikrobe zingine zinaitengeneza kwa gazi karboniki ya volkano. Metani nayo ingali na nguvu ndani: upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt, kilichozinduliwa 2016, kinaichoma kutoa megawati 26 za umeme.

Gazi karboniki ni mingi kuliko metani, na zote mbili zinashikiliwa chini na uzito wa maji. Katika Ziwa Nyos, Cameroun, mwaka 1986, gazi karboniki ilipanda kwa ghafla usiku na watu 1.700 hivi walikufa kwa kukosa hewa. Kuvuta gazi ya Kivu kunaweza kupunguza hatari hiyo. Lakini kuko swali moja linalomgusa mvuvi moja kwa moja: maji yakishatolewa gazi, yanarudishwa kina gani? Yakimwagwa juu sana, yanaleta maji yasiyo na oksijeni fasi ile ile sambaza wanaishi.