Reale za Bibi na Ndimu ya Mjukuu

Baada ya matanga huja siku ya kufunguliwa kasha la marehemu. Humo huwamo hati, kanga zilizokunjwa vyema, na pengine kitambaa kilichopigwa fundo juu ya sarafu za kale. Hivi karibuni tuliketi na jamaa moja ya mtaani kwetu iliyokuta reale saba za fedha na pesa chache za shaba. Mjukuu mmoja, kwa nia njema, alizisugua reale zote kwa ndimu na majivu ili ziwapendeze warithi wenziwe. Mnunuzi alipozitazama, akataja bei ya madini yake tu, kwa uzani. Ndugu wakasema kijana amewapunguzia haki yao; naye akaapa kwamba amezitengeneza, hakuziharibu.

Tumeona ni wajibu kulieleza jambo hili, kwani nyumba nyingi za pwani zina sarafu za namna hii, na mirathi ni amana.

Reale iliyozoeleka kwetu ni ile ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Mwaka huo ndio ulioandikwa juu yake, lakini usimdanganye mtu: sarafu hii iliendelea kupigwa kwa tarehe ileile, karne baada ya karne, katika Vienna, Roma, London na hata Bombay, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu hawakuamini nyingine. Uzani wake kamili ni gramu 28 na ushei. Kwa hiyo mjuzi haanzi na tarehe. Huanza na uso wa sarafu.

Fedha ikikaa miaka mingi hujivika utandu wa kijivu au weusi, na shaba hujivika hudhurungi. Wengi wetu huuita uchafu. Kwa mkusanyaji, utandu huo ni ushahidi kwamba sarafu haikuguswa. Ukishaondolewa haurudi kwa hila yoyote, na pamoja nao huondoka tabaka jembamba la madini yenyewe.

Basi tutajuaje kama sarafu imesafishwa? Ishikeni kwa ukingo, chini ya taa moja, muigeuze polepole. Sarafu isiyotumika sana huwa na mng'ao unaozunguka juu ya uso wake kadiri inavyogeuzwa. Iliyosuguliwa hung'aa pahala pamoja tu, kama sufuria mpya. La kutiliwa shaka zaidi ni sarafu iliyochakaa, ambayo nywele na nguo za malkia zimefutika kwa kupita mikononi, lakini bado inametameta kote. Uchakavu na mng'ao mpya havikai nyumba moja.

Kisha tumieni kioo cha kukuzia. Mikwaruzo ya matumizi huenda kila upande, kama nyayo za watu sokoni. Mikwaruzo ya kitambaa au brashi ni myembamba, mingi, nayo hufuatana upande mmoja. Tazameni pia pembeni mwa herufi: weusi ukibaki humo ilhali uwanja wa sarafu ni mweupe, mkono ulipita juu wala haukufika ndani. Pesa ya shaba iliyotiwa ndimu au ukwaju hujulikana kwa rangi yake ya waridi isiyo ya asili.

Kubadilishwa ni jambo jingine. Bibi zetu walizivaa reale kama mapambo, na sonara alizitoboa au kuzitia kikuku cha kuning'inizia. Baadaye wako waliokiondoa kikuku na kuliziba tobo kwa risasi au fedha ili sarafu ionekane nzima. Tafuteni duara hafifu lenye rangi tofauti, likitokea pande zote mbili pahala pamoja. Zungusheni ukingo: reale ina maneno ya Kilatini yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani uadilifu na huruma. Maneno hayo yakikatika ghafla penye alama za tupa, kikuku kilikuwapo. Wala si kila tobo ni aibu: senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilitoka kiwandani na tobo lake katikati.

Nasaha yetu ni fupi. Msisugue chochote kabla ya kugawa. Hesabuni sarafu mbele ya warithi wote, mzipige picha pande zote mbili, mziandike. Vumbi likizidi, suuzeni kwa maji safi na mkaushe kwa kubonyeza kitambaa laini, si kwa kufuta. Hifadhini kila moja katika bahasha ya karatasi kavu. Mifuko ya plastiki laini huacha utelezi wa kijani.

Na anayeuza aseme. Sarafu iliyosafishwa si bandia, na kuiuza si kosa; kosa ni kuificha ila yake kwa mnunuzi asiyeijua. Bei ya juu iliyopatikana kwa kunyamaza haina baraka, hata ikigawanywa kwa hesabu sahihi ya mirathi.

Jamaa ile ilikaa tena. Mzee wao alimuuliza kijana kama alijua madhara ya alichokifanya. Akajibu kuwa hakujua. Wakakubaliana kwamba hasara ni ya wote, reale zisiuzwe, kila mrithi achukue fungu lake. Pesa za shaba, ambazo ndimu haikuzifikia, walimpa kijana azitunze kwa niaba yao. Tulipoagana, alikuwa ameketi barazani na daftari, akiandika tarehe ya kila moja.