Vitabu Vilivyomo Katika Debe Letu

Mwezi huu twataka kunena habari za vitabu. Wala si Kitabu Kitakatifu, maana hicho twakisoma kila asubuhi, nacho hakingoji sifa zetu, bali vile vitabu vingine ambavyo Mkristo huvinunua au huazima, akaviweka, na pengine akavisahau. Sisi tukaao Misugusugu, karibu na barabara kuu iendayo Morogoro, hatuthubutu kuacha vitabu ukutani. Mchwa wa nchi hii ya Uzaramo hula hata mwimo wa mlango. Kwa hiyo vyetu vyote vimo ndani ya debe moja lenye kifuniko, pamoja na majani makavu ya mwarobaini, na debe lenyewe limesimama juu ya mawe matatu. Kila aingiaye kwetu hudhani ni debe la unga.

Kilicho juu kabisa hakikupigwa chapa. Ni daftari ambalo mmoja wetu alinakili kwa mkono zamani za shule, na ndani yake imo hadithi ya Sultani Darai. Hadithi hii ni moja ya zile alizozikusanya Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864, kisha akawa Askofu. Wenyeji walimsimulia, naye akaandika, akazitoa London mwaka 1870. Twamjua zaidi kwa kazi yake ya kufasiri Maandiko, na kwa kanisa lililojengwa Unguja pale palipokuwa soko la watumwa. Lakini mtu huyu mwenye kazi nyingi aliona si hasara kuketi na watu wa mji akasikiliza habari za punda na paa. Wako walimu waliosema kwamba mambo hayo ni upuzi usiofaa nyumba ya Kikristo. Sisi tumekwisha kuona faida yake, nasi tutaieleza ingawa ni aibu kwetu.

Katika hadithi hiyo yumo maskini mmoja, jina lake Haamdani, aliyekuwa akichakura jaani apate punje za mtama. Siku moja akaokota kisarafu, akanunua paa. Paa yule akamfanyia wema usio na kifani: akaona almasi, akaenda nayo kwa Sultani Darai akamposea bwana wake binti yake, akamwua nyoka wa vichwa saba, akampatia nyumba na mali. Kisha paa akaugua. Akapeleka neno kwa bwana wake kwamba hawezi, na bwana akajibu apikiwe uji wa mtama ule hafifu. Mke akasikitika, akamwombea, lakini mume hakusikia. Paa akafa, akatupwa kisimani. Basi asubuhi moja Haamdani akaamka, akajiona yupo jaani, anachakura.

Masika yale tuliyoisoma kwa sauti baada ya chakula cha jioni, shangazi yetu alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuwa ametoka hospitali, homa imekwisha, lakini nguvu hazijarudi. Huyu ndiye aliyetulea. Ndiye aliyeketi kando ya barabara miaka mingi akiuza maembe na mihogo, hata ada ya shule ikapatikana, na hata leo tunaweza kuandika maneno haya. Nasi tulikuwa tukimpa uji wa makopa, mwepesi, bila sukari wala maziwa. Mayai tulikuwa nayo, lakini tulikuwa tukiwawekea wageni wa kanisa waliotazamiwa Jumapili. Tena tulijipa moyo kwa neno tulilolisikia kwa wazee, kwamba mgonjwa asilishwe vyakula vizito.

Binti yetu, mwenye miaka tisa, ndiye aliyekuwa akisoma. Alipofika penye uji wa paa akanyamaza, akauliza, “Baba, mbona bibi naye anapewa uji kama huu?”

Hakuna aliyejibu. Shangazi alicheka kule chumbani, akasema, “Soma, mjukuu wangu, tujue mwisho wake.” Kicheko kile kilituchoma kuliko lawama. Usiku uleule mama wa nyumba akavunja mayai mawili.

Kesho yake tukafungua debe tena, tukatoa kitabu kikubwa kiitwacho Mahali Pasipo na Daktari. Tulikuwa tumekipata miaka iliyopita, tukakitumia kwa vidonda tu. Kitabu hiki kiliandikwa kwanza na David Werner kwa lugha ya Kihispania, kwa ajili ya watu wa vijiji vya milimani Mexico, kisha kikafasiriwa kwa lugha nyingi, na Kiswahili kimo. Ndani yake tukakuta yatupasayo kumtendea mgonjwa: apumzike mahali penye hewa, awe safi, anywe maji mengi, na ale chakula kizuri kadiri awezavyo, kwa kuwa mwili uliodhoofika ndio unaohitaji kujengwa. Basi lile neno la wazee tulilolishika halikuwa na msingi. Au tuseme kweli, tulilishika kwa sababu lilitupunguzia gharama.

Hapa twawaomba wasomaji walio walimu waangalie jambo moja. Katika vijiji vyetu wako watu wamnyimao maji mtoto aharaye, wakidhani tumbo litakauka. Tumbo halikauki, mtoto ndiye akaukaye, na hicho ndicho kiuacho. Apewe kinywaji cha dawa ya pakiti itolewayo zahanatini, na ikiwa haipo, basi lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visirundikwe. Anywe kidogo kidogo, aendelee kunyonya na kula, na apelekwe kwa mganga wa hospitali. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hiyo kipimo kisikisiwe kwa mkono.

Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotolewa mwaka 1934, tutakitaja kwa ufupi. Chaeleza habari za watumwa waliokombolewa baharini wakawekwa Freretown, karibu na Mombasa, mji ulioanzishwa na wamisionari mwaka 1875. Twaona mwandishi awasifu Waingereza kupita kiasi. Hata hivyo, mtu akaaye huku kwetu, ambako misafara ilipita ikielekea Bagamoyo, si vema asikisome.

Kilichobaki kimeleta maneno mengi zaidi. Ni Wasifu wa Siti binti Saad, alioutunga Shaaban Robert, ukatolewa mara ya kwanza mwaka 1958. Ndugu mmoja wa kanisani alipokiona akauliza, “Je, mwimbaji wa taarabu ana nini na Wakristo?” Swali lake lilikuwa la haki, nasi hatukuwa na jibu tayari. Lakini tulikuwa tumekisoma, naye hakukisoma. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, katika nyumba ya wafinyanzi. Alitembea akiuza vyungu, hakuwa na elimu ya shule wala uzuri wa kusifiwa na watu, na wenye vyeo walimdharau. Alichokuwa nacho ni sauti, akaifanyia kazi, akajifunza kwa wanaojua, hata mwaka 1928 akaenda Bombay, nyimbo zake zikatiwa katika santuri, na Kiswahili kikasikiwa mbali. Alifariki mwaka 1950.

Tangu tulipokisoma, hatuwezi tena kumwambia mtoto kwamba kuimba au kuchonga au kufinyanga ni mchezo wa wasio na kazi. Twafikiri pia juu ya kwaya yetu, ambayo hufanya mazoezi siku moja kabla ya sikukuu, kisha hushangaa kwa nini sauti hazilingani. Ndugu yule alikiazima kitabu, akakaa nacho miezi minne. Alipokirudisha hakusema neno juu ya Siti, ila aliuliza kama tunacho kingine cha Shaaban Robert. Tukamwelekeza maktaba ya Shirika la Elimu Kibaha, kazi iliyoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za kaskazini ya Ulaya, maana si mbali, naye ana baiskeli.

Shangazi amepona, asifiwe Mungu, na sasa yeye ndiye alindaye ufunguo wa kabati la mayai. Daftari la Sultani Darai limeanza kuchakaa, mchwa waliwahi kulifikia pembeni kabla hatujapata debe, kwa hiyo binti analinakili upya kila jioni, kurasa mbili mbili. Amefika penye nyoka. Shangazi amemwambia aache nafasi chini ya kila ukurasa, kwa kuwa yeye alisimuliwa hadithi hiyo utotoni kwa namna nyingine, naye angali anaikumbuka.