Chupa tupu yatosha kumfundisha mtoto fizikia

Mzazi wa Marambo, awe Nachingwea au Ruangwa, hahitaji maabara ili mwanawe aionje fizikia. Chupa tupu ya maji ya kunywa inatosha.

Toboa matundu matatu ubavuni: juu, katikati na karibu na kitako. Mtoto ayazibe kwa vidole, wewe ujaze maji. Kabla hajaachia, muulize: maji ya tundu lipi yataruka kwa nguvu zaidi? Ni la chini, kwa sababu uzito wa maji ya juu huyakandamiza yaliyo chini.

Gari la mabua nalo ni somo. Aliteremshe kwenye ubao ulioinuliwa kidogo, kisha auinue zaidi na kulinganisha mwendo.

Tahadhari: chupa iliyowekwa dawa ya mikorosho isichezewe kamwe, hata ikioshwa. Kutoboa ni kazi ya mkubwa, na mtoto mdogo asiachwe peke yake na ndoo ya maji.

La muhimu zaidi, usimcheke akiuliza. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Lushoto, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na mwanafizikia Denis Osborne walichapisha makala kuhusu jambo hilo, na hadi leo wanasayansi duniani huliita kwa jina la Mpemba.

Mwanao akiuliza "kwa nini?", mwambie: "Hebu tujaribu."